Mwanamke Aliyemfundisha Mwana wa Mfalme Kugombana

Siku askari wa Shah, mfalme wa Uajemi, walipoingia Kaklovani, Khvaramze hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya mlima kwa dada yake aliyejifungua, na binti yake Gulkan, mtoto wa miaka minne, alikuwa amemwacha kwa mumewe, Shiola. Alikusudia kukaa siku tatu, mvua ikamweka siku tano. Aliporudi alikuta milango yote ya kijiji iko wazi. Hapakuwa na damu wala nyumba iliyochomwa. Mizabibu ilikuwa imefyekwa kwa shoka, mstari baada ya mstari, na miforosadi imelazwa chini na majani yake bado mabichi. Kuku walikuwa wanatembea ndani ya nyumba ya padri. Kaya arobaini zilikuwa zimeswagwa kama kondoo kuelekea Uajemi, na mtu mmoja tu akasalia, kwa kuwa siku hiyo hakuwa kwake.

Aliwafuata. Jambo hilo hakupenda kulisimulia, kwa hiyo wengi hawakulijua. Alitembea siku sita mpaka kwenye mto mkubwa, akakuta kivuko kimevunjwa, na upande wa pili hakuna kitu ila njia iliyokanyagwa na miguu mingi. Alikaa pale mpaka mkate ulipomwishia, kisha akarudi.

Dada yake akamtuma mumewe aje kumchukua. Khvaramze akamkatalia. Shemeji akamwambia kuwa mtu hakai peke yake penye mbwamwitu, akamjibu kuwa mbwamwitu anajulikana anachotaka. "Na Shiola akirudi," alisema, "amkute nani? Kuku?"

Mzabibu ukikatwa shina, mzizi hauna habari. Masika yalipofika mashina yote yalichipua, ya Shiola na ya kaya nyingine thelathini na tisa, na Khvaramze akajikuta ana kazi ya kijiji kizima. Hakuiweza yote. Alipogoa mistari mitatu ya huyu na mitatu ya yule, asije mtu akarudi akasema jirani yake amependelewa. Mvinyo aliokamua aliumimina kwenye mitungi ya wenyewe, iliyozikwa ardhini mpaka shingoni, akaifunika kwa jiwe na udongo. Mwenyewe aliishi kwa maharage, mboga za porini, na asali ya mizinga ambayo askari hawakuiona.

Kilichokuja kumtisha kilikuwa kingine. Katikati ya baridi ya kwanza alitaka kumfukuza kuku juu ya gunia la unga, akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akafikiri: lini nilisema neno la mwisho? Akakumbuka kuwa ni mwezi na zaidi. Tangu siku hiyo akaanza kusema. Asubuhi alimpa Mungu sala zake, lakini Mungu si mtu wa kupigana naye maneno. Alimchagua Barbale, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye kwa miaka tisa aligombana naye juu ya mjozi uliosimama mpakani. Alisimama chini ya mti huo akasema lake, akanyamaza kiasi cha jibu la Barbale, kisha akaendelea. Barbale alikuwa na mdomo mkali, na siku nyingine ni yeye aliyeshinda.

Wachungaji walioshuka milimani walimsikia, wakapeleka habari mjini Telavi kwamba huko Kaklovani kuna mwanamke anagombana na upepo. Ikapita miaka kumi na mmoja.

Mwaka huo Shah akamrudisha Elizbar, mwana wa mfalme wa zamani, aje atawale Kakheti, nchi ya kina Khvaramze, kwa niaba yake. Elizbar alikuwa amechukuliwa rehani, dhamana ya utii wa baba yake, akiwa na miaka sita. Isfahani, mji wa Shah, walimlea vizuri, wakampa elimu, dini nyingine na jina jingine. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, amerudi na farasi mzuri, kilemba kizuri, na lugha ya mama yake ile ile aliyoondoka nayo, ya mtoto wa miaka sita. Makabaila walisema naye kwa mkalimani. Mwandishi wa kanisa alijaribu kumfunza kwa vitabu vya ibada, maana vingine hakuwa navyo, basi mwana wa mfalme akawa akiomba maji anaomba kama nabii aliyepotea jangwani, na akiomba kiatu anaomba kama mtoto. Makabaila walikohoa ndani ya mikono ya kanzu zao, na yeye alijua hicho si kikohozi.

Khvaramze alifika Telavi kwa sikukuu, amebeba chungu cha asali cha kupeleka kanisani. Kwenye lango la uwanja wa mfalme, ambamo kanisa lilikuwa, askari mmoja akafunua chungu na kutumbukiza kidole.

"Mkono huo umetoka kumkuna farasi, sasa unautia kwenye asali ya Mungu?" Khvaramze alimwambia. "Mama yako alikuzaa wewe, au alikuokota penye hori akakuonea huruma? Toa! Na usiulambe, maana nitajua."

Juu kwenye roshani mtu akacheka. Alikuwa mwana wa mfalme. Tangu aliporudi nchini mwake hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kuyaelewa yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa yaya wake alikuwa akimkaripia hivyo hivyo.

Msimamizi wa nyumba yake, mzee aliyeitwa Shermazan, aliteremka ngazi. "Bwana anasema urudie," alimwambia Khvaramze.

"Nirudie nini?"

"Ulichomwambia askari. Polepole, asikose neno."

Hivyo ndivyo alivyowekwa kwenye nyumba ya mfalme, akapewa chumba karibu na jiko na kazi isiyokuwa na jina. Kila asubuhi alipanda juu kusema na mwana wa mfalme. Siku ya kwanza walikaa wakatazamana. Yeye hakuwa mwalimu, na kijana hakujua aanzie wapi. Mwishowe Elizbar akasema, "Mimi njaa."

"Kama wewe ni njaa, nchi hii imekwisha," Khvaramze alisema. "Sema una njaa. Inuka, mama, twende jikoni."

Alimwita mama bila kufikiri, kama wanawake wa huko wanavyowaita watoto wao, wa kike kwa wa kiume. Elizbar alisimama mlangoni kitambo, amegeuza uso. Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo kwa miaka kumi na minane.

Jikoni alimtajia tanuri, kinu, jibini inayochuruzika, siki, masizi. Alimpeleka kwenye pishi la mvinyo na kwenye banda la farasi. Lakini alipoona majina yanaingia na maneno hayatoki, akakumbuka dawa yake mwenyewe. Akamweka upande mmoja wa kizingiti, yeye akasimama upande wa pili. Akamwambia kuwa kizingiti hicho ni mpaka, juu yake kuna mjozi, na jozi zimeangukia kwake.

"Ni za nani?" aliuliza.

Elizbar alifikiri. "Za mti."

"Mti una mdomo? Utakwenda kanisani kuapa? Sema zako!"

"Zangu."

"Zako kivipi? Umezizaa wewe?"

Ilichukua wiki nyingi. Mwanzoni kijana alikuwa na adabu mno, maana Isfahani rehani hafundishwi kujibu. Khvaramze alimchokoza, akamwita gogo, akamwita ndama aliyesahauliwa na ng'ombe, mpaka siku moja kabla ya Krismasi Elizbar akapiga kizingiti teke akasema, "Kama jozi ni zako, ziite kwa majina. Ikiitika hata moja, chukua gunia zima."

Khvaramze akacheka mpaka akakaa chini. Hata Barbale hakuwahi kulisema hilo.

Kwa upande wake alikuwa na swali moja, na alilihifadhi mpaka Kwaresima. Alikuwa amesikia kwamba watu wa Kakheti waliochukuliwa walipewa ardhi mahali panapoitwa Fereidani. Je, bwana aliwahi kupaona?

Elizbar alimjibu kwamba aliwahi kupita mara moja, katika msafara wa mawindo wa Shah. Ni nchi ya juu, yenye baridi. Aliona mapaa ya udongo, na mwanamke akiita kuku kwa mlio ambao Waajemi hawautumii. Akauiga mlio huo. Khvaramze aliweka chini pamba aliyokuwa akisokota.

"Uliwasalimu?"

"Sikuwa na maneno," Elizbar alisema. "Wangeniuliza mimi ni mwana wa nani, na mimi nisingeweza kujibu kwa lugha yao. Niliona aibu, mama. Niligeuza farasi."

Khvaramze hakumlaumu. Aliokota pamba yake. Alikuwa akifikiria kwamba kuna mtu aliyekuwa amefika umbali wa sauti ya kuku kutoka kwa mtoto wake, akageuza farasi, na mtu huyo sasa yuko mbele yake anangoja afundishwe kusema.

Kiangazi kilipoanza, makabaila walikutana barazani. Mmoja wao, Iotam, mtu wa shingo nene, aliudai msitu wa kuwindia uliokuwa wa nyumba ya mfalme. Akamwelekea mkalimani na kumwambia, "Mweleze huyo mgeni kwamba kulungu walioko humo ni wangu tangu babu."

Elizbar hakumngoja mkalimani. "Basi waite kwa majina, mjomba," alisema. "Akiitika hata mmoja, chukua msitu."

Wakacheka, na safari hii hawakukohoa. Alikuwa amesema kama mkulima wa bondeni, na kabaila aliyelelewa na yaya wa bondeni, kama walivyolelewa wote pale, alisikia sauti ya kwao. Tangu siku hiyo walimsemesha wenyewe.

Khvaramze alizisikia habari hizo jikoni, akafurahi mpaka akaunguza maharage. Kesho yake alipanda juu kama kawaida, akaambiwa bwana ana wageni. Kesho kutwa bwana alikuwa amekwenda kuwinda. Wiki ya tatu Shermazan alimletea shali nzuri na punda aliyepakiwa ngano, akamwambia kwa upole kwamba bwana anamshukuru sana.

"Kasema hivyo mwenyewe?"

Shermazan alikuwa mtu mkweli. "Angesema, kama angepata nafasi," alijibu.

Akarudi Kaklovani. Magugu yalikuwa yamepanda mpaka madirishani. Alifanya kazi siku nne bila kuinua kichwa, na siku ya tano akaenda chini ya mjozi, akasimama, akamwambia Barbale lake, akanyamaza kungoja jibu. Jibu halikuja. Akajaribu tena, akamkasirisha kwa makusudi, akamtajia habari ya mbuzi wake mwizi. Aliusikia ukimya tu, na nyuki. Kule Telavi alikuwa amezoea kujibiwa na mtu wa kweli, na mtu wa kufikirika hakumtosha tena. Miaka kumi na miwili hakuwa amelia. Siku hiyo alilia, kisha akaenda kufunga kuku wake, na kwa miaka miwili iliyofuata hakusema neno ila sala.

Mwisho wa mwaka wa pili, mizabibu ikiwa imeanza kudondosha majani, wapanda farasi thelathini walitokea barabarani. Elizbar alikuwa kati yao, na pembeni mwake mjumbe wa Shah. Alishuka, akamkuta Khvaramze ameshika kisu cha kupogolea.

"Nimeitwa," alisema.

"Ukiitwa ni lazima uende?"

"Mdogo wangu yuko rehani kwao. Nisipokwenda, ataitwa yeye, tena siyo kwa barua." Alikitazama kijiji, milango yake, mistari mitatu mitatu iliyopogolewa. Aibu ikamjia usoni. "Sikukuaga, mama. Kila siku nilisema kesho. Njia yetu inapita karibu na Fereidani. Nina farasi wa ziada."

Khvaramze alikuwa na miaka zaidi ya arobaini na mitano, na hakuwahi kupanda farasi. Aliomba kitu kimoja, apewe muda wa kufunga milango. Alikwenda nyumba kwa nyumba, zote arobaini, akatoa kuku, akavuta mlango, akaweka jiwe. Mjumbe wa Shah alinung'unika kwamba jua linakwenda. Elizbar akamjibu kwa Kiajemi, na mjumbe akashuka kwenye farasi kungoja.

Walisafiri siku hamsini. Siku za mwanzo Elizbar alikwenda bega kwa bega naye wakigombana juu ya kila kitu, juu ya mawingu, juu ya pua ya mpishi. Walipoingia nchi ya Waajemi alipunguza. Watu walimwita kwa lile jina lake jingine, naye akawa anaitika haraka zaidi kila siku. Wiki ya mwisho alimpelekea salamu kwa mtumishi. Ila njia zilipoachana alikuja mwenyewe, akampa hatamu mtu wa kumwongoza.

"Nisamehe," alisema. "Huko mbele sitakiwi kuwa na lugha mbili."

"Nenda, mama," Khvaramze alimwambia. Akambariki kama wanawake wa kwao wanavyobariki: "Mimi nife kwa niaba yako." Hawakuonana tena.

Fereidani ilikuwa nchi ya juu kweli, na baridi. Alifika mchana, watu wako nje wanapasua kuni, na wa kwanza kumtambua alikuwa mumewe. Shiola alikuwa na mvi na jina jipya. Alisimama na fimbo yake, hajui aiweke wapi. Miaka kumi na minne alikuwa ameamini kwamba mkewe aliuawa milimani, na mwaka wa tatu wa kuamini hivyo alioa. Mke aliitwa Rodam, mtu wa Kakheti vilevile, mjane wa safari ile. Walikuwa na wana watatu.

Barbale? Barbale alikufa njiani, wakamwambia, hata mji wa Ganja hakufika.

Khvaramze akaomba maji, akakaa. Kwa hiyo siku ile ya kwanza aliposimama chini ya mjozi na kusema, Barbale alikuwa amekwisha kuzikwa kando ya barabara.

Ndani ya nyumba Shiola alisema kwa sauti ya chini kwamba sheria ya hapa inamruhusu mtu wake wawili, na kwamba yeye angefurahi.

"Sheria inaruhusu," Khvaramze alisema. "Rodam je?"

Rodam alikuwa anakanda unga. Hakuinua macho. "Nyumba ni yako kabla haijawa yangu," alisema, na mikono yake ikaendelea kukanda palepale. Khvaramze akaona kwamba mwanamke huyo ni mwema na kwamba anaogopa. Akaomba apewe kile kibanda cha mwisho, karibu na zizi la kondoo, akapewa.

Gulkan aliletwa kesho yake kutoka kwa mumewe, kijana wa kijiji hichohicho. Alikuwa mrefu, mabega ya Shiola, amembeba mtoto wa kiume. Alimbusu Khvaramze mkono kwa heshima sana, akamwita shangazi. Rodam ndiye aliyemwita mama.

Wazee wa kijiji nao walimjia. Walimkaribisha, wakampa pamba na sufu za kusokota, wakamwomba neno moja tu. "Sisi tumekwisha kulia," alisema mkubwa wao. "Usituanzishe upya."

Akanyamaza. Lakini haukupita mwezi akaja mtu wa kwanza, na mzigo wa kuni ambao Khvaramze hakuuomba. Aliuweka chini, akatazama nyuma, akauliza kama paa la nyumba yake lilikuwa bado limesimama. Baada yake mwanamke akaleta maziwa, akauliza habari ya mtungi wa tatu kutoka mlangoni. Walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayekuja. Hata yule mzee mkubwa alikuja. Khvaramze aliwaambia kweli: hili limeanguka, lile limesimama, mistari yako mitatu ilizaa, mtungi wako niliujaza nikaufunga. Walisikiliza, wakashika mlango, wakaenda. Hakuna aliyekaa kula. Njiani wakikutana naye mbele ya watu walimsalimu upesi na kupita, kama mtu aliyekukopesha siri.

Habari za Elizbar zilimfikia mara moja tu, kwa mfanyabiashara wa mazulia. Alikuwa amepewa kutawala mji wa mbali pembezoni mwa jangwa, na watumishi wake walisema kuwa wakati mwingine anajifungia chumbani na kugombana peke yake, kwa lugha wasiyoijua.

Wa mwisho kuja alikuwa Gulkan. Ilikuwa tayari baridi ya pili. Alikuja na jibini, akakaa, akamwachia mtoto atambae. Hakuwa na paa la kuulizia wala mtungi. Alikuwa hakumbuki kitu chochote cha Kaklovani. Alizungumza habari za theluji, za kondoo, akavuta ncha ya shali yake.

"Shangazi," alisema, "mimi nilikuwa mtoto wa namna gani? Nimemwuliza baba, anasema nilikuwa mtoto kama watoto. Na mama alinipata njiani."

Khvaramze aliacha kusokota.

"Ulikuwa hutaki viatu," alisema. "Ukivalishwa unavitupa kisimani. Viwili vimo humo mpaka leo. Ulikuwa unawaogopa mabata lakini huogopi fahali. Ulikuwa unakwangua udongo wa ukutani, pale karibu na moto, unaula, nikakupaka pilipili mkononi, ukala na pilipili. Na hukuwa unalala mpaka umeshika sikio la mtu."

"Sikio la nani?"

"La yeyote aliye karibu. Mara nyingi langu."

Gulkan alimtazama mwanawe, aliyekuwa ameshika ncha ya zulia na kuitia mdomoni. Akasema polepole kwamba na huyu pia hulala hivyo, na kwamba watu wa nyumbani walikuwa wakishangaa tabia hiyo kaitoa wapi.

Alikaa mpaka moto ukahitaji kuni nyingine, akaziongeza mwenyewe, akala. Ijumaa iliyofuata alirudi na kuuliza jingine, na Ijumaa nyingine tena. Khvaramze aliishi Fereidani miaka tisa, na yote yale ya miaka minne ya kwanza ya binti yake aliyasema, kidogokidogo, asiyamalize mapema. Gulkan aliendelea kumwita shangazi mpaka mwisho, na Khvaramze hakuwahi kumsahihisha.